Jino moja la gia laweza kukunyima ushindi

KUNA ajabu moja inayowapata wengi wanaoanza kushiriki mbio za magari madogo ya umeme, yale yanayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Dereva hununua mota yenye nguvu kushinda za wenzake, huifunga gia ya kuongeza kasi, na katika raundi mbili za kwanza huwaacha wapinzani wakila vumbi. Kufikia dakika ya tatu, gari huanza kulegea. Kufikia dakika ya nne, harufu ya vanishi iliyoungua hupaa kutoka ndani ya bodi. Mshindi huwa ni yule ambaye mwanzoni alionekana kujikokota.

Wasiojua husema ni bahati. Mafundi wa mchezo huu, hata hivyo, hujua kwamba matokeo hayo yaliamuliwa mezani kabla ya gari kuwekwa uwanjani, pale dereva alipochagua idadi ya meno ya gia. Jino moja lililozidi au kupungua hutosha kutenganisha gari linalomaliza mbio na lile linalobebwa kurudishwa likiwa limezima.

Makala haya yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi mtu anavyoweza kupanga gia, mota na betri ili nguvu aliyoinunua impeleke mbele badala ya kugeuka moto.

Si vitu vya kuchezea tu

Magari haya hayafai kulinganishwa na vile vigari vya plastiki vinavyouzwa madukani wakati wa Krismasi. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuuza gari lake la kwanza la aina hii, lenye umbo la Porsche 934, mnamo 1976. Mwaka wa 1984, kampuni ya Associated Electrics ya California ilitoa gari la RC10, ambalo lilibadilisha kabisa mbio za nje ya lami. Mbio za ubingwa wa dunia za magari ya umeme zilikuwa tayari zimeanza mnamo 1982 chini ya IFMAR, shirikisho la kimataifa la mchezo huu.

Miongoni mwa waliovuma ni Mjapani Masami Hirosaka, aliyetwaa mataji 14 ya dunia, na Mmarekani Mike Reedy, fundi ambaye sifa zake hazikutokana na kushika usukani bali na mota alizowaundia madereva mabingwa. Kwamba fundi wa mota anaweza kutajwa pamoja na mabingwa ni ishara ya uzito wa suala tunalolizungumzia.

Gari la lami la kipimo cha moja kwa kumi, yaani lililopunguzwa hadi sehemu ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, huwa na uzani wa zaidi kidogo ya kilo moja. Hata hivyo, katika daraja la juu, kijigari hicho hupita kasi ya kilomita 80 kwa saa katika sehemu iliyonyooka. Mbio zenyewe huchukua dakika tano tu. Katika dakika hizo tano, kila ampea ya umeme ina thamani.

Somo la baiskeli

Yeyote aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli ya gia tayari anaijua nusu ya somo hili. Mnyororo ukiwa juu ya gia kubwa ya mbele, kila mzunguko wa pedali hukupeleka mbali, lakini magoti hulalamika. Ukihamia gia ndogo, miguu huzunguka upesi na mzigo hupungua, ila hufiki mbali kwa kila mzunguko. Mafundi wa bodaboda pia hulijua hili wanapobadilisha sproketi ya pikipiki inayobeba mizigo milimani ili ipate nguvu, hata kama kasi yake itapungua barabarani.

Gari dogo la umeme hufuata kanuni iyo hiyo, isipokuwa kwamba mota ndiyo miguu. Kwenye ekseli ya mota hufungwa gia ndogo. Gia hiyo huumana na gia kubwa ambayo hupeleka nguvu kwenye mikanda au mihimili, kisha magurudumuni. Gari hili halibadilishi gia likiwa mbioni. Gia uliyoichagua mezani ndiyo utakayotumia kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, kwenye kona na kwenye nyoofu.

Kwa sababu hiyo, kuchagua gia ni kutafuta suluhu baina ya mahitaji mawili yanayovutana. Gari linahitaji nguvu ya kuchomoka kwenye kona, na linahitaji kasi ya mwisho kwenye nyoofu. Ukiongeza meno ya gia ndogo, unaongeza kasi ya mwisho na kuitwika mota mzigo zaidi. Ukiyapunguza, gari huchomoka kwa wepesi, lakini mota hufikia kikomo cha mizunguko yake kabla nyoofu haijaisha, na gari hubaki likilia bila kuongeza mwendo.

Hesabu isiyoepukika

Dereva makini hakisii. Huanza kwa kutafuta uwiano kamili wa gia, yaani mota izunguke mara ngapi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya gia ndogo, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani ambao mtengenezaji amekwisha kuuweka katika mikanda ya gari.

Tuchukue mfano wa gari la lami ambalo gia yake kubwa ina meno 100, gia ndogo meno 36, na uwiano wa ndani ni 1.9. Mia moja ukigawanya kwa 36 unapata 2.78. Ukizidisha kwa 1.9 unapata 5.28. Maana yake ni kwamba mota huzunguka mara tano na zaidi kidogo ya robo ili gurudumu limalize mzunguko mmoja.

Lakini uwiano peke yake hausemi yote, maadamu magurudumu hayalingani. Kwa hivyo, hesabu ya pili hutafuta umbali ambao gari husonga kwa kila mzunguko mmoja wa mota. Umbali huu tuuite hatua ya mota. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 63 lina mzingo wa takriban milimita 198. Ukigawanya 198 kwa 5.28, unapata hatua ya milimita 37.5. Mota ikizunguka mara 25,000 kwa dakika, gari hilo litakuwa likienda zaidi kidogo ya kilomita 56 kwa saa.

Badilisha gia ndogo kutoka meno 36 hadi 37, na hatua hupanda hadi milimita 38.5. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia tatu kwa jino moja tu. Kwenye gari la nje ya lami ambalo gia yake ndogo ina meno 18, jino moja huleta ongezeko la karibu asilimia sita. Ndiyo maana mafundi husisitiza kwamba mtu abadilishe jino moja kwa wakati mmoja, wala asiruke matatu au manne kwa pupa.

Hesabu ya hatua huwa na manufaa zaidi kwa magari yanayotumia matairi ya sponji, kama vile yale ya kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Matairi hayo huisha kadiri yanavyokimbia. Tairi la milimita 43 likipungua hadi 41, hatua ya mota hupungua kwa karibu asilimia tano ingawa hakuna gia iliyoguswa. Dereva asiyepima matairi yake atalaumu mota au betri, kumbe gari limefupishwa hatua na tairi lenyewe.

Joto ndilo adui

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kwa nini gia ya kasi huua mota?

Umeme unapopita katika waya wa mota, waya hupata joto. Joto hilo haliongezeki sambamba na umeme bali kwa kipeo cha pili chake. Umeme ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Tuseme dereva ameruka kutoka gia ya meno 36 hadi ya meno 40. Hatua ya mota imeongezeka kwa asilimia 11. Ili gari lichomoke kwenye kona kwa wepesi uleule wa awali, mota italazimika kuvuta umeme zaidi kwa asilimia hizo hizo 11. Lakini joto ndani ya waya litaongezeka kwa asilimia 23. Na kwa kuwa kila raundi ina kona nyingi, joto hilo hulimbikizana pasipo nafasi ya kupoa.

Isitoshe, mota ya umeme ina tabia yake. Nguvu ya kuzungusha huwa kubwa zaidi mota inapoanza kutoka kwenye kituo, na hupungua kadiri kasi inavyopanda. Mota ambayo ingezunguka mara 30,000 kwa dakika bila mzigo hutoa uwezo wake mkubwa kabisa karibu na nusu ya kasi hiyo, yaani mara 15,000. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwenye nusu hiyo, takriban nusu ya umeme wote unaoingia hugeuka joto. Mota hufanya kazi kwa ufanisi zaidi inapozunguka kwa kasi ya juu kuliko hapo.

Gia iliyozidi huishikilia mota katika mizunguko ya chini, mahali ambapo inakula umeme kwa wingi na kuugeuza joto. Gia ya wastani huiacha ipande upesi hadi inapofanya kazi kwa raha. Hii ndiyo sababu mota yenye gia nyepesi huweza kukamilisha raundi kwa muda mfupi kuliko ile iliyofungwa gia ya kutisha.

Madhara ya joto si ya siku moja. Ndani ya mota mna sumaku, na sumaku inayochemka kupita kiasi hupoteza sehemu ya nguvu zake pasipo kuirejesha tena. Vanishi inayokinga waya nayo huungua, na waya zikigusana mota huwa imekufa. Madereva wengi hujiwekea mpaka wa kati ya nyuzi 70 na 80 za selisiasi wanapoipima mota mara tu baada ya mbio. Inapopita hapo, hupunguza jino.

Mapindi ya waya na taa inayomweka

Mota hupangwa kwa madaraja kulingana na idadi ya mapindi ya waya yaliyomo. Mapindi machache humaanisha kasi kubwa na njaa kubwa ya umeme. Mapindi mengi humaanisha upole. Zamani, mota zilikuwa na brashi za kaboni zilizosugua shaba, na daraja la wanaoanza lilitumia mota ya mapindi 27. Brashi hizo zilikuwa zikiisha, na wenye pesa walikuwa na mashine za kuchonga shaba na brashi mpya kwa kila mbio. Maskini na tajiri walikuwa na mota ya jina moja, lakini hawakuwa na mota moja.

Katika miaka ya 2000 zilikuja mota zisizo na brashi, ambazo huongozwa na kidhibiti mwendo cha kielektroniki. Madaraja ya kawaida leo ni mapindi 21.5, 17.5 na 13.5, ilhali mabingwa wa daraja huru hutumia mota za mapindi machache mno, kama vile 4.5. Kila daraja hudai gia yake. Mota ya mapindi 17.5 ni pole, hivyo katika gari la lami huweza kuhitaji uwiano wa karibu 4. Ile ya 13.5 huridhika na uwiano wa karibu 5. Mota ya 4.5 huhitaji uwiano wa 7 au zaidi. Anayehamisha mota kali kwenye gari bila kugusa gia ni kama anayemfunga farasi mkokoteni uliotiwa breki.

Wengi walitarajia kwamba mota mpya zingemaliza mashindano ya pesa. Haikuwa hivyo mara moja. Kuelekea mwisho wa muongo huo, watengenezaji wa vidhibiti mwendo waliandika programu zilizotanguliza wakati wa kupeleka umeme kwenye waya kadiri mota ilivyozidi kuzunguka. Mota ya upole ikageuka kali. Daraja lililokusudiwa wanaoanza likawa na kasi isiyowafaa, na wengi wakachoma mota zao wakijaribu kufuata.

Waandalizi wa mbio walijibu kwa sheria rahisi. Katika madaraja ya mota za upole, kidhibiti lazima kiwekwe katika hali isiyotanguliza wakati wowote, na taa yake imweke ili mkaguzi aione kwa macho. Mashindano mengine yalikwenda mbali zaidi kwa kuwagawia washiriki wote mota za aina moja, na hata kuweka mpaka wa uwiano wa gia. Lengo lilikuwa kurudisha ushindi kwa mtu anayefikiri na kuendesha vyema, badala ya aliyenunua programu ya jana jioni.

Bado dereva anaweza kutanguliza wakati kidogo kwa mkono, akizungusha kifuniko cha nyuma cha mota nyuzi chache. Kasi ya mwisho hupanda, lakini umeme unaotumika na joto hupanda pia. Kanuni ya mafundi hapa ni moja: ukiongeza kwa mkono wa kulia, punguza kwa wa kushoto. Anayetanguliza wakati hushusha gia, na anayepandisha gia hurudisha wakati nyuma.

Betri ilivyobadilisha mchezo

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, tatizo kubwa halikuwa joto bali njaa. Betri za nikeli na kadmiamu za wakati huo zilikuwa na uwezo wa miliampea-saa 1,200. Katika mbio za dakika nane, uwezo huo ulimwezesha dereva kutumia wastani wa ampea 9 tu. Aliyezidisha gia aliishiwa umeme raundi ya mwisho ikiwa mbele yake, akatazama wenzake wakimpita. Kupanga gia kulikuwa sawa na kugawa akiba ya unga wakati wa kiangazi.

Betri za lithiamu za leo zenye seli mbili, volti 7.4, huweza kuwa na uwezo wa miliampea-saa 6,000. Kwa mbio za dakika tano, hiyo ni nafasi ya wastani wa ampea 72. Umeme hauishi tena. Lakini yule mlinzi aliyemzuia dereva asizidishe gia ameondoka, na joto likashika nafasi yake bila kutoa ilani mapema. Betri ya zamani ililegea kwanza ndipo gari likasimama. Betri ya sasa huendelea kulisha mota hadi inapoungua.

Fauka ya hayo, betri hizi zina masharti yake. Seli haipaswi kujazwa kupita volti 4.2, wala kutumiwa hadi ikashuka chini ya volti 3. Huchajiwa kwa chaja yake maalumu, ndani ya mfuko au chombo kisichoshika moto, na mtu akiwa karibu. Betri iliyovimba au kutobolewa haifai kuchajiwa tena, kwani huweza kulipuka kwa moto usiozimika upesi.

Kupanga gari hatua kwa hatua

Anayetaka kupata gia yake bila kuchoma mali afuate utaratibu huu.

Kwanza, aanze na uwiano uliopendekezwa na watengenezaji wa mota au madereva wanaoutumia uwanja huo. Pasipo mapendekezo, aanze na gia ndogo kuliko anayodhani inafaa. Kiwanja kifupi chenye kona nyingi hutaka gia nyepesi, na kiwanja kipana chenye nyoofu ndefu huvumilia gia ya kasi. Zulia na lami yenye mshiko mkali huongeza mzigo kwa mota.

Pili, ahakikishe gia zote mbili zina saizi moja ya meno. Gia ya meno ya saizi 48 haikubaliani na ya saizi 64, na ukizilazimisha zitatafunana. Akizifunga, apitishe kipande cha karatasi katikati ya gia mbili, azisukume zigusane, akaze skurubu za mota, kisha aitoe karatasi. Nafasi inayobaki hutosha. Gia zilizobanana hula umeme na kuongeza joto, na zilizoachana hukatika meno.

Tatu, akimbize gari dakika mbili, alisimamishe na kupima joto la mota papo hapo. Likiwa chini, amalize dakika tano na kupima tena. Joto likibaki ndani ya mpaka, aongeze jino moja na kurudia.

Nne, na hili ndilo wengi hulisahau, asitazame kasi kwenye nyoofu. Atazame muda wa raundi. Ikiwa jino jipya limeongeza kasi ya nyoofu lakini muda wa raundi haukupungua, jino hilo halina faida. Alinganishe pia raundi za dakika ya kwanza na za dakika ya tano. Gari linalopungua kasi kuelekea mwisho linalalamika, na jibu la malalamiko hayo ni kulipunguzia mzigo.

Mwisho, aandike kila kitu kwenye daftari: meno, kipenyo cha tairi, hali ya hewa, joto na muda. Gia iliyofaa asubuhi yenye baridi huenda isifae saa nane jua likiwa utosini.

Kanuni hizi hazikomei kwenye viwanja vya magari madogo. Pikipiki za umeme ambazo siku hizi huonekana katika barabara za Nairobi hutawaliwa na sheria iyo hiyo ya umeme na joto zinapopanda mlima na abiria. Anayeielewa mota ya gari dogo ameanza kuielewa na ile ya pikipiki.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Katika mchezo huu, pupa hupimwa kwa meno ya gia, na kipimajoto hutoa hukumu kabla hata majaji hawajatangaza matokeo.